Alhamisi Mbili za Damu ya Dada Yangu

Nianze na upumbavu wenyewe, ili mama akisoma aone nimeungama mapema na asiende kuutafuta huko chini: Alhamisi mbili mfululizo nilimtuma dada yangu akatolewe damu kwa jina langu. Akaenda, akakunja mkono wa sweta langu, akajaza vichupa, akarudi nyumbani na pamba kwenye kiwiko. Mimi wakati huo nilikuwa shuleni, nimesimama nje ya dirisha, namfundisha mtu kuchekesha.

Kabla hujaniita majina, nisikilize kidogo. Upumbavu wangu ulikuwa na hoja, tena hoja ya kisayansi.

Mwaka jana uboho wa mifupa yangu uligoma. Uboho ndio kiwanda cha damu, na changu kiliamua kufunga milango bila hata kutoa tangazo. Nikawa natokwa damu puani katikati ya somo la jiografia, nikipanda ngazi za shule nahema kama mtu aliyebeba godoro. Hospitalini wakasema dawa peke yake haitoshi, natakiwa kupandikizwa uboho wa mtu mwingine, na wa kwanza kupimwa ni ndugu. Ndugu zangu wote wakapimwa, yaani dada yangu, maana ndugu zangu wote ni yeye. Akalingana nami kila kipengele. Yeye alifurahi. Mimi nilijua tu kwamba nitaimbiwa hilo mpaka uzee.

Tukasafiri India, mama, dada na mimi. Baba akabaki Kigali na kazi yake ya ghala kule Masoro. Nilitegemea upasuaji, taa kali, madaktari kumi wamenizunguka. Kumbe kwanza wanakupa dawa za kufuta kiwanda cha zamani, na hizo sizisimulii hapa kwa sababu huenda unakula. Baadaye wanaleta mfuko mwekundu, wanautundika kwenye chuma, na uboho wa dada yako unaingia mwilini mwako taratibu kwa mrija, kama mtu anayeongezewa damu ya kawaida. Siku kubwa kuliko zote maishani mwangu nililala usingizi katikati yake. Mama hajawahi kulielewa hilo.

Kiwanda kipya kikashika kazi. Na hapa ndipo hoja yangu ilipozaliwa: baada ya miezi kadhaa, kundi langu la damu lilibadilika. Mimi nilizaliwa O. Dada ni A, na kwenye uboho tofauti hiyo haizuii kitu. Karatasi ya maabara ikatoka imeandikwa A, jina langu juu, damu ya dada chini.

"Sasa wewe ni mpangaji," dada aliniambia siku ile. "Mwenye nyumba ni mimi."

"Basi rekebisha paa," nikamjibu, nikamwonyesha kichwa changu kisicho na unywele.

Toka siku hiyo kila nilichofanya kilikuwa na maelezo. Nikinuna, ni damu yake. Nikimaliza sukari, ni damu yake. Alipopata alama za juu za biolojia nilidai nusu.

Tuliporudi Kigali, nyumba yetu ya Kabeza ilikuwa imegeuka wodi. Mama ana duka dogo linalotazama barabara, na kabla ya ugonjwa wangu alikuwa akienda soko la Nyabugogo mwenyewe kuchukua mchele na sabuni za jumla. Sasa akaacha, akawa anaagiza kwa simu, kwa sababu alisema Nyabugogo mtu anaweza kukohoa Jumatatu na kikohozi kikanifikia mimi Ijumaa. Majirani walinisalimia wakiwa nje ya geti. Kwetu watu husalimiana kwa kukumbatiana, kwa hiyo walikuwa wanakumbatia hewa upande wao, na mimi nakumbatia hewa upande wangu, kama watu wawili wanaopima shati. Maziwa ya mgando, ambayo nayapenda kuliko ndugu zangu wote, yalipigwa marufuku. Saladi, marufuku. Vidonge saa mbili asubuhi na saa mbili jioni, mama amesimama mbele yangu mpaka nifungue mdomo na kuinua ulimi. Kila kidonge alikiandika kwenye daftari la shule lenye picha ya twiga kwenye jalada.

Mama alikulia Tanzania, upande wa Karagwe. Kinyarwanda anakitumia siku za kawaida. Akifurahi sana au akikasirika sana, anahamia Kiswahili. Tangu turudi kutoka India, nyumba yetu ilikuwa inaongea Kiswahili kuanzia asubuhi mpaka jioni, na sikuweza kujua ni kwa sababu ipi kati ya hizo mbili.

Halafu kulikuwa na Alhamisi. Kila Alhamisi nilitakiwa kutoa damu. Ili nisikae kwenye foleni ya hospitali kubwa na watu wanaopiga chafya, walipanga nitolewe kwenye kliniki ndogo ya mtaani kwetu, vichupa viwekwe kwenye boksi la barafu, na kijana wa pikipiki avipeleke maabara. Daktari wetu, mama mmoja aliyekulia Uganda na anayeongea polepole kama anayepima maneno kwenye mzani, alinieleza sababu siku ya kwanza.

"Kuna kirusi kinaitwa sitomegalo," alisema.

"Hilo jina lenyewe linatosha kuua mtu."

Hakucheka. "Karibu kila mtu hapa anacho. Unakipata utotoni, unaumwa kidogo kama mafua, halafu kinalala mwilini mwako maisha yako yote. Kinga yako ndiyo inakilaza. Sasa kinga yako mpya bado ni mtoto mchanga, na hizi dawa tunazokupa zinaibana zaidi ili isigombane na mwili wako. Kwa hiyo hicho kirusi kinaweza kuamka."

"Kikiamka nitajuaje?"

"Hutajua. Ndiyo maana tunapima kila wiki. Tunataka tukikute kwenye damu kikiwa bado kidogo, kabla hujaumwa. Ukingoja mpaka ujue wewe, mapafu yako yatakuwa yameshajua kabla yako."

Nilitikisa kichwa kama mtu aliyeelewa. Nilichoshika ni neno moja tu: Alhamisi.

Na Alhamisi, saa kumi jioni, ndiyo siku ambayo kundi letu la vichekesho hukutana shuleni. Kundi hilo nililianzisha mimi kabla ya kuugua. Shule nilikuwa bado sijaruhusiwa kurudi, nilikuwa nasoma kwa kutumiwa masomo kwenye simu, lakini maandishi yote ya onyesho la kufunga muhula niliandika mimi, nikiwa nimelala, na sindano mkononi. Aliyepewa nafasi yangu jukwaani alikuwa rafiki yangu mmoja mwenye moyo safi na asiye na kichekesho hata kimoja mwilini. Alinitumia sauti yake kwenye simu akijaribu kichekesho changu cha mwalimu wa zamu. Niliisikiliza nikajisikia vibaya kuliko nilivyojisikia India.

"Sha, unaanza kucheka wewe kabla ya watu," nilimwambia. Sha ndivyo tunavyoitana vijana hapa.

"Nacheka kwa sababu ni kizuri."

"Kwa nini umeeleza mwisho?"

"Ili waelewe."

Nikaona hapana. Nikaona kazi yangu ya maisha inazikwa na mimi bado mzima.

Kliniki ilikuwa inafunga kutoa damu saa kumi na moja. Kundi lilikuwa linaanza saa kumi. Mama alikuwa dukani mpaka jioni, na siku hizi alikuwa ananiruhusu kwenda kliniki na dada, akishatoka shule, badala ya yeye kufunga duka. Ndipo nikamkalisha dada kitandani kwangu, nikamweleza hoja.

"Damu iliyo mwilini mwangu ni ya nani?"

"Ya kwangu," alisema bila kusita. Hilo swali alilipenda.

"Ikitolewa kwenye mkono wangu ni damu ya nani?"

"Ya kwangu."

"Na ikitolewa kwenye mkono wako?"

Niliona biolojia yake inafanya kazi. Huyu ni mtu mwenye vyeti.

"Kwa seli, ni ile ile," alisema polepole. "Ukipima vinasaba vya damu yako unanikuta mimi. Walisema India."

"Basi tofauti ni mkono tu. Kwa nini niupoteze mchana mzima kwa ajili ya mkono?"

"Na watanikubali vipi?"

Hapo nilikuwa nimeshafikiri. Kwetu ndugu hawashiriki jina la ukoo, kila mtoto ana jina lake, na jina langu la Kinyarwanda halisemi kama mwenyewe ni mvulana au msichana. Shuleni kwetu wasichana hukatwa nywele fupi kama sisi, kwa hiyo kichwa chake na changu, kilichoanza kuota, vilikuwa vinafanana kama maembe mawili. Yeye ni mkubwa kwangu kwa mwaka mmoja na kitu, urefu ni ule ule. Barakoa ingefunika yaliyobaki. Na dada wa maabara aliyenizoea alikuwa ameenda likizo ya uzazi, amekuja kijana mgeni.

"Nipate nini mimi?" aliuliza mwenye nyumba.

Tulikubaliana nitamfulia soksi zake nyeupe na kusugua viatu vyake vya shule mpaka muhula uishe. Asiyejua udongo wa Kabeza anaweza kudhani nilipata bei nzuri.

Alhamisi ya kwanza alirudi anajisikia sana.

"Kijana amesema nina mishipa mizuri," alisema. "Amesema, 'Leo umekuja na mishipa mizuri, kaka, kwenye kadi wameandika wewe ni mgumu kupatikana.'"

"Kakuita kaka?"

"Kaniita kaka, nami nikakohoa kwa sauti nzito."

"Mgonjwa wa kupandikizwa hakohoi hovyo. Ungetupeleka wodini."

Mimi nilikuwa nimesimama nje ya dirisha la darasa, na barakoa yangu, mita mbili kutoka kwa kila mtu, nikimwonyesha rafiki yangu jinsi ya kunyamaza. Kunyamaza ndiyo sehemu ngumu kuliko zote. Unasema neno, unanyamaza, unawaacha watu waanguke wenyewe. Siku ile alinyamaza mara moja, kwa bahati mbaya, kwa sababu alisahau maneno, na darasa zima likacheka. Nilirudi nyumbani najisikia mzima kuliko siku yoyote tangu nianze kuugua.

Majibu yalikuja Jumamosi kwenye simu ya mama. Kirusi hakikuonekana. Na si hivyo tu, daktari alisema damu yangu imepanda ajabu, chembe nyekundu zimejaa, chembe za kugandisha damu zimejaa, hajaona kupanda kwa namna hiyo kwa wiki moja. Mama alipika isombe, kisamvu cha kwetu, na nyama. Jumapili alitoa shukrani kanisani, akasimama kabisa mbele ya watu. Mimi nilikuwa nyumbani, lakini dada alikuwa pembeni yake, na aliniambia kwamba ilimbidi aangalie viatu vyake kwa muda mrefu.

"Vilikuwa visafi," alisema. "Lakini sikujisikia vizuri."

"Umeponya watu wawili kwa mkono mmoja. Jipongeze."

Alhamisi ya pili alienda tena, safari hii bila kukohoa. Tulichosahau, au tuseme ambacho mwenye vyeti wangu wa biolojia hakukumbuka na mimi sikuwahi kukijua vizuri, ni kwamba kila baada ya wiki mbili walikuwa wanapima kitu cha ziada. Walikuwa wanapima kiasi cha dawa kwenye damu. Ile dawa ya kubana kinga, ninayoimeza saa mbili na saa mbili, lazima iwe kwenye damu kwa kipimo fulani. Ikizidi, inaumiza figo. Ikipungua, kinga mpya inaanza vita na mwili.

Dada yangu hamezi dawa yoyote. Dada yangu hata ya kichwa anaogopa.

Jumatatu asubuhi daktari akapiga simu, akamwomba mama aje na mimi, leo leo. Mama akafunga duka. Njiani alikuwa ameshikilia mkoba na ndani ya mkoba lile daftari la twiga.

Daktari alitukalisha, akafungua karatasi.

"Mama, naomba tuongee bila kuogopana," alianza. "Dawa haimo kwenye damu ya mtoto. Si kwamba imepungua. Haimo kabisa."

Mama alimtazama kama mtu aliyeambiwa kwamba nyumba yake haiko pale alipoiacha.

"Haiwezekani, daktari. Mimi ndiye nampa."

"Nakuamini kwamba unampa. Nauliza kama anaimeza."

"Anameza mbele yangu. Naangalia mpaka chini ya ulimi." Akatoa daftari, akalifungua mezani. Saa mbili asubuhi, alama. Saa mbili jioni, alama. Kurasa na kurasa, kwa mwandiko wake ule wa kulalia kulia. "Hata siku umeme ulipokatika nimeandika, angalia, hapa niliandika kwa tochi."

Daktari aliangalia daftari kwa heshima. Alilipitia kweli, ukurasa kwa ukurasa, na hiyo ndiyo iliyoniumiza zaidi, maana angelisukuma pembeni ningepata mtu wa kumkasirikia.

"Naona, mama," alisema. "Lakini kipimo kimesema hivyo. Ninachoweza kufanya ni kuongeza dozi, na nadhani alale hapa wiki moja, manesi wampe dawa wenyewe. Si kwamba nakulaumu. Mzazi huchoka."

Mama alilifunga daftari. Hakubishana. Alilipapasa jalada kwa kiganja, kama anafuta vumbi, akalirudisha kwenye mkoba, akasema kwa sauti ndogo ambayo sijawahi kuisikia kwake, "Labda kuna siku nilisinzia, daktari. Labda nilidhani nimempa."

Nilijaribu kwanza njia yangu ya kawaida. Nikasema, "Daktari, huenda dawa imekuja na pikipiki nyingine."

Hakuna aliyecheka. Na mimi ni mtu ninayejua tofauti ya kunyamaza kwa kuchekesha na kunyamaza kwa kweli.

"Mama hakusinzia," nikasema. "Hiyo damu si yangu."

Daktari akaweka kalamu chini. "Ni ya nani?"

"Ni yangu, ila... iko kwa dada."

Nikaeleza yote. Soksi, sweta, barakoa, kundi la vichekesho, hoja ya mkono. Nilipofika kwenye hoja ya mkono, nilitegemea hata daktari ataona kwamba ilikuwa na akili fulani. Alivua miwani, akajisugua macho, na nadhani kwa sekunde moja alitaka kucheka akajizuia.

"Ngoja nikueleze mara moja, ulishike vizuri," alisema. "Kiwanda ni cha dada yako, sawa. Lakini kirusi hakiji na kiwanda. Kimelala kwenye mwili wako, kwenye mapafu, kwenye figo, kwenye vitu ulivyozaliwa navyo. Na kwake kuna kinga ya miaka mingi inayokilaza usingizi mzito. Kwako hakuna. Kwa hiyo damu yake inanipa habari zake. Wiki mbili nimekuwa nasoma afya ya mtu ambaye si mgonjwa wangu, nikimpongeza mama yako. Na leo nilikuwa naelekea kukuongezea dawa ambayo tayari unaimeza kamili. Unajua ingefanya nini kwenye figo zako?"

Sikujua. Nilikuwa naanza kujua.

Mama hakuniangalia. Aliuliza swali moja tu.

"Katika wiki mbili, hicho kitu kinaweza kufika wapi?"

"Inategemea, mama. Huenda bado kimelala. Huenda kimeshaamka. Tutoe damu sasa hivi, yake mwenyewe, tutajua keshokutwa."

Nilitolewa damu pale pale, mbele ya mama, daktari na nesi, kama mtuhumiwa anayechukuliwa alama za vidole. Mishipa yangu, kama kawaida, ikajificha. Walichoma mara tatu. Sikulalamika hata moja.

Zikafuata siku mbili. Mama hakunipiga, hakunigombeza, hakunisemesha. Alinisemesha kupitia kwa dada, ambaye naye alikuwa kwenye kesi lakini kifungo chake kilikuwa chepesi.

"Mwambie mdogo wako chakula kiko mezani," mama alisema, mimi nikiwa mezani, kijiko mkononi.

"Mama anasema chakula kiko mezani," dada akanitafsiria.

"Mwambie nimekiona."

"Anasema amekiona, mama."

"Mwambie ameze dawa."

Nikameza, nikafungua mdomo, nikainua ulimi. Mama akaangalia, kwa muda mrefu kuliko zamani, kisha akaandika kwenye daftari. Baba alirudi kutoka Masoro, akasimuliwa, akaniangalia, akamwangalia dada, akasema, "Na wewe una alama za juu za biolojia," basi akaenda kuoga. Dada alilia kwa ajili ya sentensi hiyo. Alikuja chumbani kwangu baadaye, akasimama mlangoni.

"Ningekuua kwa elimu yangu," alisema.

"Hoja ilikuwa yangu."

"Niliiona ina tundu. Nilikuwa nataka viatu visafi."

Sikuwa na kichekesho. Niliuliza kitu nilichokuwa sijakiuliza toka tuanze yote haya. "Ulipotolewa uboho, iliuma?"

"Mgongo uliuma wiki nzima. Nilikuwa najiambia, kikifanya kazi, basi." Akaanza kuuvuta mlango. "Kifanye kazi, tafadhali."

Jumatano majibu yakaja. Kirusi kimeamka. Kilikuwa kwenye damu yangu, cha kuhesabika, na mimi nikiwa sina homa, sina kikohozi, najisikia kama naweza kuruka geti. Hilo ndilo lililonitisha. Nilikuwa nimezoea ugonjwa wenye adabu, unaobisha hodi, unaokutoa damu puani ili ujue umefika. Huu ulikuwa umeingia ukakaa sebuleni, na mimi nasikiliza vichekesho.

"Kiasi bado ni kidogo," daktari alisema, na mama akaweka simu kwenye spika ili nisikie. "Tungeweza kukikuta mapema zaidi. Lakini mapafu ni safi, macho ni safi, ini liko sawa. Tumekikuta kabla ya ugonjwa, na hicho ndicho tulichokuwa tunakitafuta. Ataanza vidonge leo. Angekaa wiki nyingine mbili na ile sayansi yake, tungekuwa tunaongea mambo mengine."

Dawa ya kirusi hiki ina tabia moja ya dhihaka: inaweza kushusha damu yenyewe, kwa hiyo unapoitumia unapimwa mara nyingi zaidi. Mtu aliyekimbia sindano moja kwa wiki akapewa mbili, Jumatatu na Alhamisi. Kijana wa maabara wa kliniki, aliyekuwa ameshapigiwa simu na kusemwa vibaya kwa sababu yetu, sasa ananishusha barakoa kila ninapofika, anaangalia kadi, ananiangalia, anaangalia kadi tena, ananiuliza tarehe ya kuzaliwa, jina la mama, na siku moja akaniuliza jina la mnyama aliye kwenye jalada la daftari. Nilimwomba msamaha mara ya kwanza nilipomwona. Alisema, "Kaka, mimi nilikuwa nakusifu kwa mishipa ya mtu," na nikaona kwamba huyu angefaa kwenye kundi letu kuliko rafiki yangu.

Onyesho la kufunga muhula nililiona kwenye simu, kitandani. Rafiki yangu alieleza mwisho wa kichekesho tena. Hata hivyo, watu walicheka.

Wiki ya kwanza ya dawa kiasi cha kirusi kilipanda kidogo, na siku hiyo hakuna mtu nyumbani aliyemaliza chakula. Wiki ya pili kikashuka. Wiki ya tatu kikashuka tena. Mama alikuwa ameanza kunisemesha moja kwa moja kufikia hapo, lakini ya kazi tu: meza, nawa, vaa, toka kwenye upepo. Lile jambo lenyewe hakuligusa. Nilijua liko kwake, limekaa, na sikuwa na ujasiri wa kulichokoza.

Wiki ya nne, Jumamosi asubuhi, simu ikaita mama akiwa anapanga sabuni kwenye rafu na mimi nimekaa kwenye kiti nyuma ya kaunta, mita mbili kutoka kwa wateja kama sheria inavyosema. Alisikiliza, akasema "asante daktari" mara nne, akakata. Kirusi hakikuonekana. Safari hii ilikuwa damu ya mkono wangu, alishuhudia yeye mwenyewe.

Alimalizia kupanga zile sabuni, zote, mpaka ya mwisho. Kisha akaja akasimama mbele yangu, na haya ndiyo aliyoyasema, kwa Kiswahili, neno kwa neno:

"Siku ile ya daktari nilirudi nyumbani nikavihesabu vidonge vyote vilivyobaki, nikiwa nimeshajua ukweli, kwa sababu bado nilikuwa naogopa kwamba kosa ni langu. Ucheke na watu wote mjini, mwanangu, hata na mimi, sikatazi. Lakini usinifanye tena nijishuku kuhusu wewe. Na kila Alhamisi nitaendelea kuja mwenyewe: wao watashika mkono, mimi nitashika sikio."